Picha Zisizouzwa, na Nne Zilizouzwa

Wosia wa mchoraji Clyfford Still ni mfupi kuliko mkataba wa kupanga fremu ya duka hapa Nyasho, mkoani Mara. Ukurasa mmoja tu, wa mwaka 1978, miaka miwili kabla hajafariki. Mkewe Patricia anaachiwa sehemu yake. Picha zote zinazobaki zinaachwa kwa mji, na mji wenyewe hautajwi. Sharti ni kwamba uwe mji wa Marekani utakaokubali kujenga au kutenga makao ya kudumu kwa ajili ya kazi zake peke yake, uzitunze zisiharibike, na uahidi kwamba hakuna hata moja itakayouzwa, itakayotolewa zawadi wala itakayobadilishwa na kitu kingine. Zikae humo daima, watu wazitazame na wazisome. Hapo wosia umekwisha.

Nilikuwa natafuta habari za mtu mwingine kabisa. Nilimtaka Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Kilimanjaro, ambaye picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Nilitaka kujua ilifikaje huko. Katika kufuatafuata wachoraji waliokuwa wanatamba New York miaka ile nikakutana na Still, na tangu siku hiyo Ntiro amewekwa kiporo. Ntiro tutamrudia wikiendi nyingine, Mungu akipenda.

Maana jambo lenyewe linasumbua. Hapa Nyasho, kila anayeshika brashi anajua kwamba kazi isiyouzwa ni hasara. Fundi wa kuandika majina ya maduka hupatana bei kabla hajafungua kopo la rangi, na siku hizi hata yeye analia, kwa sababu mabango ya kuchapisha kwa mashine yamemnyang'anya wateja. Ukimwambia kwamba kulikuwa na mchoraji ambaye matajiri walimfuata na fedha mkononi naye akawafungia mlango, atakuuliza kitu kimoja: alikuwa anakula nini?

Ni swali zuri. Nitalifikia.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1904 huko Grandin, North Dakota, akakulia kati ya mji wa Spokane na shamba la ngano la familia yake karibu na Bow Island, Alberta, nchini Kanada. Nchi ile ni tambarare tupu, upepo haupumziki, na ukame uliwarudisha wakulima wengi walikotoka. Still alisimulia uzeeni kwamba alivuna ngano mpaka mikono ikachuruzika damu hadi viwikoni. Imewahi kusimuliwa pia kwamba baba yake alimfunga kamba mguuni akamshusha kichwa chini ndani ya kisima kipya, akague kama maji yamepatikana. Sijui mtoto anatoka vipi ndani ya shimo la namna hiyo. Ninachojua ni kwamba picha za Still zina mistari mirefu iliyosimama wima, na yeye alisema kuwa katika nchi ile ya bapa, kilichosimama ndicho kilicho hai.

Mwaka 1925 alikwenda New York kusoma uchoraji katika shule maarufu ya Art Students League. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa darasani dakika 45, akaona hakuna anachokitafuta, akaondoka. Alirudi magharibi, akasoma Spokane, kisha akafundisha chuoni Pullman, katika jimbo la Washington, hadi 1941. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye viwanda vya meli California. Baada ya vita akawa katika kundi dogo la watu waliogeuza uchoraji wa dunia: Jackson Pollock, Mark Rothko, Barnett Newman na wenzao. Still alikuwa ameacha kuchora vitu vinavyotambulika mapema kuliko wengi wao. Pollock na Rothko walimheshimu. Yeye, kadiri miaka ilivyokwenda, hakumheshimu karibu mtu yeyote.

Niwaeleze picha moja, maana bila picha haya yote ni maneno matupu. Jina lake ni 1957-D No. 1, na iko katika jumba la sanaa la Buffalo, jimbo la New York. Ina kimo cha karibu mita tatu na upana wa mita nne na zaidi. Ungeitundika ukutani kwenye nyumba ya kawaida ya Nyasho, ingeziba ukuta, mlango na dirisha. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mti wala mnyama. Kuna weusi mwingi na manjano inayokatiza. Lakini weusi huo si wa kupakwa ukakaa sawasawa. Still hakutegemea sana brashi; alishika kisu bapa cha kupakia rangi, akaisukuma rangi ya mafuta, nzito, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, ili mahali pamoja ing'ae na pengine iwe kavu, ifyonze mwanga. Rangi nyingi alizisaga mwenyewe kutoka unga. Kingo za manjano zimechanika, hazikukatwa kwa mstari. Ukiikuza picha kwenye simu unaona vipande vidogo vyeupe vikichungulia pembeni, kama mtu aliyebakiza tundu makusudi. Na kwenye picha zake nyingine, hasa za uzeeni, sehemu kubwa ya kitambaa imeachwa wazi, haikuguswa kabisa.

Hakuzipa majina. Jina, alisema, linamwambia mtazamaji aone nini kabla hajaona. Aliweka mwaka, herufi na namba, basi.

Sasa, ugomvi. Mwaka 1946 mwenye galeri Peggy Guggenheim alimfanyia maonyesho New York, na kuanzia 1947 mwenye galeri mwingine, Betty Parsons, akawa ndiye anayeonyesha kazi zake. Kwa mchoraji mwingine, huo ndio mlango wa neema. Still alimwandikia Parsons barua mwaka 1948 akimtaka awaonyeshe picha watu wenye uwezo wa kuelewa kilichomo tu, na asimruhusu mtu yeyote kuandika habari zake. Mtu yeyote. Neno hilo alilikazia kwa herufi kubwa. Waandishi aliowasoma, alieleza, ni wajinga kiasi kwamba hana uvumilivu nao tena. Nakiri nilicheka, maana barua hiyo inanihusu na mimi, pamoja na mhariri wangu. Mwandishi mmoja wa magazeti ya New York, Emily Genauer, alipoandika jambo lisilompendeza, Still alimtumia kwa posta chupi ya mpira, ile ya kuvalishwa mtoto mchanga.

Mwaka 1951 aliachana na magaleri ya biashara. Sababu zake alizirudia kwenye barua kwa miaka mingi, na ukizisikiliza kwa pamoja unasikia sauti moja isiyoshuka. Galeri, kwake, ni duka linalojifanya hekalu. Dalali anamfundisha tajiri kununua picha kama anavyonunua hisa. Jumba la makumbusho linamtundika mchoraji katikati ya wengine kumi ili kila mmoja apunguziwe makali. Picha ikishaingia sebuleni kwa tajiri inageuka pambo, na yeye hakuchora mapambo. Alisema kazi zake si picha kwa maana ya kawaida. Humo uhai na kifo vimekutana. Kwa hiyo alidai kwamba wanaotaka kuzitazama wazitazame nyingi kwa pamoja, peke yake, mahali pamoja, la sivyo wasizitazame. Aliukataa mwaliko wa maonyesho ya Venice Biennale. Aliyakataa maonyesho ya pamoja. Aliandika barua za kukataa zenye ukali ambao hata mkataliwa angeziweka kumbukumbu.

Kuna kisa ambacho watu wa sanaa hawaishi kukisimulia. Rafiki yake, mchoraji na mkusanyaji Alfonso Ossorio, alikuwa na picha yake nyumbani East Hampton. Still alitaka arudishiwe, Ossorio akasita. Still akafunga safari mpaka kwake, akaingia, akatoa kisu, akaikata picha katikati, akauondoa moyo wake na kuacha ukingo ukining'inia kwenye fremu. Kisha akaondoka na kipande chake. Kwa mtazamo wa sheria huo ni uharibifu wa mali, na sina ubishi. Lakini kila ninapofika hapo katika habari zake, mkono wangu unaelekea kumtetea.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, hata hivyo. Still hakulikimbia soko kama mtawa anavyoikimbia dunia. Aliuza alipohitaji, kwa mtu aliyemchagua, kwa masharti aliyoyaandika yeye. Mwaka 1969 alifanya maonyesho kwenye galeri ya Marlborough-Gerson New York, ambayo haikuwa taasisi ya sadaka. Na alikuwa na mbinu nyingine: mara nyingi alichora picha ileile mara mbili, karibu kufanana kabisa, moja ikatoka na nyingine ikabaki nyumbani. Mwaka 2015 jumba la kazi zake huko Denver, nitakalolifikia, lilifanya maonyesho mazima ya mapacha hao.

Hapo nikamkumbuka Elimo Njau. Huyu ni wa kwetu, mzaliwa wa Marangu, 1932, aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha akachora ukutani mwa kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya, mwaka 1959, Yesu wa Kiafrika katika nchi ya Wakikuyu. Mwaka 1965 yeye na wenzake, akiwemo mkewe wa wakati huo, mwandishi Rebeka Njau, walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi. Njau hakuchora picha dhahania kama Still, ila alikuwa na ugomvi wake na soko: soko la watalii, la twiga na jua linalozama, linalomlipa mchoraji ajirudie mpaka mkono usahau kufikiri. Msimamo wake ulikuwa kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Angemwambia nini Still, mtu aliyelikataa soko kwa kujinakili mwenyewe? Na angewaambia nini vijana wa Tingatinga, ambao tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1960 wamelea familia kwa kurudia chui yuleyule? Mimi ninawaheshimu wote watatu na sijui nikae upande gani.

Tofauti ya Njau na Still ni yaliyofuata. Mwaka 1997 Paa ya Paa iliungua moto, na kazi nyingi zilizokuwa zimekusanywa kwa miaka zikateketea. Ndiyo hatari ya kuweka kazi zote mahali pamoja pasipo mji, serikali wala tajiri nyuma yako.

Still naye aliziweka mahali pamoja. Mwaka 1961 alihamia shambani jimbo la Maryland, mbali na kelele za New York, na huko akachora karibu miaka 20. Mwaka 1964 aliipa Buffalo picha 31. Mwaka 1975 akaipa San Francisco 28. Ona jambo hilo: hakuziuza, alizigawa, na kila zawadi ilikuja na masharti ya zitakavyotundikwa. Mwaka 1979 jumba la Metropolitan la New York lilimfanyia maonyesho ya picha 79. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Juni, akafariki. Picha zilizobaki zikafungwa.

Na jinsi zilivyofungwa ndiyo iliyonikamata mimi. Picha za mita tatu kwa nne haziwekwi kabatini. Still alizitoa kwenye fremu zake za mbao na kuziviringisha, kadhaa kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Mwaka baada ya mwaka mzigo uliongezeka. Patricia alipiga picha za kazi hizo na kuzipa namba, na ndiyo maana nyingi zinajulikana kwa herufi PH na namba tu. Kwa zaidi ya miongo miwili baada ya mumewe kufa, wataalamu waliomba kuziona na wakarudishwa. Sehemu kubwa ya kazi za mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ilikuwa imelala gizani, na vitabu vya historia ya sanaa viliandikwa kwa kuangalia kile kidogo kilichokuwa nje. Vilipofunguliwa viviringisho hivyo hatimaye, rangi zilikuwa mbichi. Giza lilikuwa limezitunza.

Aliyelinda giza hilo alikuwa Patricia. Alikuwa mwanafunzi wa Still kule Pullman, wakaoana 1957, na tangu hapo akawa karani wake, mpiga picha wake, mtunza daftari, mlinzi wa mlango. Habari za Still zimejaa hasira zake na misimamo yake. Za Patricia zimejaa orodha. Nimezitafuta barua ambamo yeye mwenyewe anasema kama aliupenda mzigo huo au aliubeba tu, sikupata. Mtu akisema mumewe alilikataa soko, ninajiuliza gharama ya kukataa huko iliandikwa kwenye jina la nani.

Miji ilipiga hodi, mmoja baada ya mwingine, na Patricia akaikataa. Masharti yalikuwa magumu: jengo zima kwa mtu mmoja, bila kazi ya mchoraji mwingine ndani, bila ruhusa ya kuuza hata kipande. Meya gani angepeleka hilo kwa madiwani? Mwaka 2004 John Hickenlooper, aliyekuwa meya wa Denver, Colorado, alikwenda kwake na kumshawishi. Patricia akakubali. Mwaka uliofuata naye akafariki, hajaona hata msingi.

Kwa sisi wa Mara, jumba zima kwa ajili ya mtu mmoja si jambo la ajabu sana. Tunalo Butiama, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa 1999, na humo zimo zawadi na vinyago alivyopewa na watu wa kila namna. Vitu vile vilipata hifadhi kwa sababu vilikuwa vya Mwalimu. Wachongaji wenyewe, wengi wao, hakuna ajuaye wamezikwa wapi.

Denver ilijenga. Jengo ni la zege, la wasanifu wa Allied Works wakiongozwa na Brad Cloepfil, dari yake imetobolewa mwanga wa jua upenye polepole. Ndani kuna kazi zaidi ya 3,000, zikiwemo picha za rangi ya mafuta zaidi ya 800: takriban asilimia 93 ya kila alichowahi kukifanya Still. Hakuna mchoraji mwingine wa kiwango chake ambaye kazi zake zimebaki pamoja namna hiyo. Hilo ni tunda la ukaidi wake, na ninaona lazima lisemwe waziwazi. Angekuwa mpole, leo picha zake zingekuwa zimetawanyika katika vyumba vya benki vya mabara matatu.

Lakini jumba linahitaji fedha za kuendeshwa: walinzi, umeme, wahifadhi, bima. Ndipo mji wa Denver ulipokwenda mahakamani Maryland kuomba ruhusa ya kuuza picha nne kabla mkusanyo haujakabidhiwa jumba. Mahakama ikakubali. Tarehe 9 Novemba 2011, nyumba ya mnada ya Sotheby's, New York, iliziuza zote nne kwa jumla ya dola milioni 114. Moja peke yake, 1949-A-No. 1, ilifika dola milioni 61.7. Siku tisa baadaye, tarehe 18 Novemba, jumba la mtu aliyelikataa soko likafungua milango.

Kwa hiyo swali la fundi wetu wa Nyasho, alikuwa anakula nini, lina majibu mawili. Still mwenyewe alikula kwa mshahara wa kufundisha, kwa picha chache alizoziachia, na kwa jasho la mkewe ambalo halikuwekewa bei. Jumba lake linakula kwa mnada. Watetezi wa mji wanasema nne ziliuzwa ili zile nyingine zisiuzwe kamwe, na fedha zikawekwa katika mfuko wa kulitunza jumba. Hoja hiyo ina akili. Wosia, hata hivyo, haukusema isipokuwa nne.

Wapo pia wanaosema kwamba bei ile isingewezekana kama Still asingekuwa mkaidi: picha ziliadimika kwa miaka 30, na kilichoadimika hupanda. Nimejaribu kuipinga hoja hii na bado sijapata pa kuishika. Je, alijua? Mtu aliyewasoma madalali vizuri kiasi kile hakujua kwamba kuficha ni kupandisha bei?

Kati ya zile nne, mbili za miaka ya 1940 zilikuwa na majina ya aina aliyoyaweka yeye: mwaka, herufi, namba. Nyingine mbili ziliingia mnadani zikiwa na namba za daftari la Patricia. Mojawapo ni PH-1033, ya mwaka 1976, kutoka miaka ile ya Maryland alipokuwa amekwisha kukatana na karibu kila mtu. Ilinunuliwa kwa dola milioni 19.6.